Milimita za simu mnatuandikia, na wati-saa je?

Mhariri,

Kurasa za teknolojia za magazeti yetu ya Kiswahili, na lenu limo, zikitangaza simu mpya siku hizi huanza na unene wake. Simu ina milimita 5.8, simu ina milimita 5.6, simu ni nyembamba kuliko penseli. Habari za betri huachiwa aya ya mwisho, na mara nyingi ni sentensi moja tu: inakaa na chaji siku nzima. Siku nzima ya nani, kwenye mtandao gani, chini ya jua gani, haisemwi. Naomba mpangilio huo mugeuze, na nitaeleza sababu kwa hesabu, kwa kuwa anayetoa mshahara wa miezi kadhaa dukani ana haki ya kujua zile milimita zimekatwa kutoka wapi.

Simu yoyote ya leo ukiifungua utakuta tabaka. Mbele kuna kioo, skrini yenyewe, gundi na bamba linaloishikilia. Hivyo vyote hula kama milimita 2. Nyuma kuna mfuniko, gundi, na kwa baadhi ya simu koili ya kuchaji bila waya. Hapo imeondoka milimita 1 nyingine. Kinachobaki katikati ndicho chumba cha betri. Simu ya milimita 8 inabaki na chumba cha milimita 5 hivi. Mtengenezaji akitaka kuishusha hadi milimita 6, kioo hakipungui wala mfuniko haupungui, kwa hiyo milimita zote 2 zinatoka kwenye kile chumba. Simu imepungua unene kwa robo, lakini chumba cha betri kimepungua kwa asilimia 40.

Hasara haiishii hapo. Kwa kawaida betri ya simu imefungwa ndani ya mfuko wa alumini na plastiki, unene wake ukiwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande, na mfuko huo haupungui hata betri ikiwa nyembamba kiasi gani. Lazima pia iachwe nafasi kidogo kwa sababu kila betri ya lithiamu huvimba inapozeeka. Kadiri unavyoibana, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya unene wake inavyokuwa vifungashio na nafasi tupu. Wahandisi hujaribu kufidia kwa kuipanua betri kwa mapana: bodi ya umeme wanaisukuma juu, kwenye nundu ya kamera, na eneo lote la chini wanaliachia betri. Ndivyo ilivyofanywa kwenye iPhone Air. Ni ufundi wa hali ya juu, na unastahili sifa. Lakini hesabu ya ujazo haidanganywi.

Tuangalie simu mbili za kampuni moja, za mwaka mmoja, zenye skrini ya inchi 6.7 na chipu ya aina moja. Samsung Galaxy S25 Edge, iliyotangazwa Mei 2025, ina unene wa milimita 5.8, uzito wa gramu 163 na betri ya mAh 3,900 (mAh ni miliampia-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Galaxy S25+ ina milimita 7.3, gramu 190 na mAh 4,900. Kwa milimita 1.5 na gramu 27, mnunuzi wa Edge amepoteza moja ya tano ya betri, amepoteza kamera ya kuvuta mbali, na kasi ya kuchaji imeshuka kutoka wati 45 hadi 25. Alichopata, mbali na wembamba, ni fremu ya titani na kamera kuu ya megapikseli 200. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 1,099 kwa Edge na dola 999 kwa S25+. Nyembamba ndiyo iliyozidi kwa dola 100.

Hiyo titani haikuwekwa kwa urembo. Ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hufuata unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukilishusha bamba la malighafi ileile kutoka milimita 7.3 hadi 5.8, linabaki na nusu tu ya ugumu wake wa mwanzo. Mwaka 2014 iPhone 6 Plus, yenye milimita 7.1 na fremu ya alumini, ilizua kelele dunia nzima kwa kupinda mifukoni. Ndiyo maana simu nyembamba za sasa zinavishwa chuma ghali, na gharama yake iko ndani ya bei unayolipa.

Sasa iPhone Air ya Septemba 2025: milimita 5.6, gramu 165, spika moja, kamera moja ya nyuma, hakuna kabisa nafasi ya laini ya plastiki, na betri ya mAh 3,149. Siku ileile ilipozinduliwa, Apple ilitangaza pia betri ya kubandika mgongoni mwake kwa dola 99. Kampuni yenyewe inasema simu hucheza video saa 27, na ukiibandika ile betri, saa 40. Waliovifungua vyote viwili walikuta betri ya kubandika ni seli ileile iliyomo ndani ya simu. Yaani umeme uliotolewa kwenye simu unauzwa upya pembeni. Wala si jambo jipya: mwaka 2016 Motorola ilitoa Moto Z ya milimita 5.2 yenye mAh 2,600, pamoja na betri za kubandika kwa sumaku mgongoni. Kabla yake, mwaka 2014, Oppo R5 ilikuwa na milimita 4.85 na Vivo X5 Max milimita 4.75, kila moja ikiwa na mAh 2,000. Mbio hizo zilikwisha kimya kimya, simu zikarudi kunenepa, na baada ya miaka kumi tunauziwa upya simu nyembamba kana kwamba ni uvumbuzi.

Hata mAh peke yake haitoshi kulinganishia. Kipimo cha haki ni wati-saa, yaani umeme wote uliomo kwenye betri, na kukipata ni rahisi: zidisha mAh kwa volti za betri, kisha gawanya kwa 1,000. Betri nyingi za simu zina volti 3.85 au zaidi kidogo. Kwa hiyo mAh 3,900 ni wati-saa 15, na mAh 4,900 ni karibu wati-saa 19. Tuchukulie simu inatumika mfululizo, skrini ikiwaka na data ikiwa wazi, na inakula wati 2 kwa wastani. Ya kwanza itadumu saa 7 na nusu, ya pili saa 9 na dakika 25 hivi. Hizo karibu saa mbili zinazopotea si za asubuhi. Siku zote ni za jioni, wakati wakala wa pesa anafunga mahesabu na dereva wa bodaboda anawasubiri abiria wanaorudi nyumbani.

Na wati 2 ni makadirio ya mahali penye mtandao mzuri. Simu ikiwa mbali na mnara hupandisha nguvu ya kurusha mawimbi. Kwenye 4G inaruhusiwa kufika miliwati 200, na kwenye 2G ya megahezi 900 hufika hadi wati 2 kwa vipande vifupi. Kipaza nguvu, kile kifaa kinachoyasukuma mawimbi hayo, chenyewe hula zaidi ya hicho kinachorushwa, kwa kuwa sehemu kubwa inapotea kama joto. Weka laini mbili, kama tulivyozoea wengi, moja ikiwa inatafuta mtandao kila dakika kwenye bonde au ndani ya basi la mkoani, na betri itakwisha ikiwa mfukoni. Majaribio ya watengenezaji ya kucheza video hufanywa simu ikiwa imetulia, kwa mwanga uliopimwa. Mkulima wa Kilosa au mvuvi wa Mafia haishi kwenye majaribio hayo, na umeme ukikatika usiku hana ukuta wa kuchomeka chaja.

Mtetezi wa wembamba atasema: beba pawabenki. Tupige hesabu hiyo pia. Pawabenki ya mAh 10,000 ina uzito wa gramu 200 hivi. Ndani yake seli ni za volti 3.7, sawa na wati-saa 37, lakini umeme unapopandishwa hadi volti 5, ukapita kwenye waya, kisha ukashushwa tena ndani ya simu, kinachoingia kwenye betri ni kama theluthi mbili, tena ikiwa pawabenki ni ya kweli. Unaijaza Edge mara moja na nusu. Umebeba simu ya gramu 163, pawabenki ya gramu 200 na waya juu yake, ilhali simu nzito kabisa ya kundi lile, Galaxy S25 Ultra yenye mAh 5,000, ina gramu 218. Betri ya lithiamu hubeba takriban wati-saa 250 kwa kilo. Kwa hiyo kila mAh 1,000 zinazoongezwa ndani ya simu zina uzito wa gramu 15 tu, sawa na kijiko kikubwa kimoja cha maji. Kijiko kimoja!

Halafu kuna kava. Simu zetu nyingi zinavaa kava siku ya kwanza, kabla hazijatoka dukani, na zinafanya vizuri, maana kioo kipya ni ghali. Kava ya kawaida ya mpira laini huongeza milimita 1.5 hadi 2 mgongoni na gramu 25 hadi 30. Ile milimita 1.5 uliyoilipia dola 100 imerudi yote kwa kava ya shilingi elfu kadhaa. Na nundu ya kamera nayo haihesabiwi kwenye unene unaotangazwa: lenzi inahitaji umbali wake kutoka kwenye kihisi cha picha, na hakuna mtindo utakaoubadilisha umbali huo. Simu ya milimita 5.6 ni ya milimita 5.6 mahali pasipo na kamera.

Jambo linalonisumbua zaidi ni uzee wa betri, na hili sijaliona likiandikwa. Betri huchakaa kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni kutumia asilimia 100 kwa jumla, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unataka betri ya simu inayouzwa huko ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Tuchukue kiwango hicho. Mtu anayekula mAh 3,900 kwa siku kwenye simu yenye betri ya mAh 3,900 anamaliza mzunguko mmoja kila siku. Siku 800 ni miaka 2 na miezi 2, na betri imebaki na mAh 3,120. Mtu huyohuyo, kwa matumizi yaleyale, akiwa na betri ya mAh 5,500, anatumia asilimia 71 ya mzunguko kwa siku. Mizunguko 800 atafika baada ya miaka 3 na zaidi, na hapo betri yake iliyozeeka ina mAh 4,400. Betri kubwa iliyochoka inaishinda ndogo ikiwa mpya.

Tena anayetumia betri ndogo huishusha hadi asilimia 5 kila jioni, kisha huijaza hadi 100 na kuiacha kwenye chaja usiku kucha. Ncha hizo mbili, chini kabisa na juu kabisa, ndizo zinazoichakaza zaidi. Mwenye betri kubwa anaweza kuweka kikomo cha asilimia 80 kwenye mipangilio na siku bado ikaisha salama. Mwenye nyembamba hana anasa hiyo: akiweka kikomo hicho, anabaki na siku pungufu.

Joto nalo lisisahaulike. Apple inashauri simu itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35. Dar es Salaam mwezi Februari kivulini tu ni nyuzi 32 au zaidi, sembuse kwenye usukani wa pikipiki, ramani ikiwa wazi, mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho ili isomeke juani, na waya wa chaji umechomekwa. Simu nyembamba ina chuma kidogo cha kumeza joto. iPhone 17 Pro ilipewa chemba ya mvuke ya kupoza chipu; Air haikupewa. Simu ikizidiwa hufanya mambo matatu kwa zamu: inapunguza kasi, inafifisha skrini, inakataa chaji. Mwenye simu huona "imeharibika", humwendea fundi, na fundi hana cha kutengeneza.

Nafasi ikibanwa, vitu vidogo vinavyotufaa ndivyo vinavyoondoka kwanza. Tundu la hedifoni lina kipenyo cha milimita 3.5, na likiondoka linaondoka na redio ya FM, kwa kuwa waya wa hedifoni ndio antena yake. Kwa msikilizaji wa taarifa ya habari asiye na bando, hiyo ni hasara kubwa kuliko kamera ya tatu. Kadi ya kuongeza nafasi ya kuhifadhi picha imekwenda. Sasa laini nayo. eSIM, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu yenyewe, inafanya kazi, na mitandao yetu mikubwa imeanza kuitoa, sina ugomvi nayo. Lakini simu yenye laini ya plastiki ikizima njiani, unaichomoa laini, unaitia kwenye kitochi cha akiba, na namba yako ya pesa inaendelea kufanya kazi. eSIM haichomoki. Kwa mtu ambaye pochi yake yote iko kwenye namba ya simu, simu ikizima pochi imefungwa.

Haki isemwe upande wa pili. Betri zenye silikoni na kaboni zimebadilisha mambo. Gramu moja ya grafiti, inayotumika katika betri za kawaida, hushika mAh 372. Silikoni kwa nadharia hushika karibu mara kumi ya hizo. Kasoro yake ni kwamba ikijaa lithiamu hutanuka hadi karibu mara nne ya ujazo wake wa mwanzo, ndiyo maana huchanganywa na kaboni kwa kiasi kidogo. Honor iliitumia mwaka 2023 kwenye Magic5 Pro ya soko la China, na OnePlus 15 ya mwaka 2025 imebeba mAh 7,300 kwa milimita 8.1. Hapo teknolojia imetumiwa kuongeza umeme badala ya kukata milimita, na huo ndio uamuzi ninaouunga mkono. Infinix, ambayo inauzwa sana kwetu, ilitoa mwaka 2025 Hot 60 Pro+ ya milimita 5.95 yenye mAh 5,160. Kwa hiyo nyembamba yenye betri ya kutosha inawezekana. Ila tazama ilivyolipiwa: chipu yake ni ya 4G, si ya 5G. Kwa wengi hilo si tatizo, na mimi ningeichagua hiyo kabla ya simu ya dola elfu moja yenye wati-saa 12. Muhimu ni kwamba mnunuzi aambiwe alichobadilishana.

Wepesi ni jambo jingine, na unachanganywa na wembamba bila sababu. Mwenye mikono midogo, mzee mwenye maumivu ya vidole, mtu anayesoma kwa simu akiwa amelala chali, hao wananufaika kweli na gramu 160 badala ya 230. Mkono unachoka kwa gramu, hauchoki kwa milimita. Tena simu nene kidogo yenye kingo za mviringo hushikika kuliko bamba jembamba pana linaloteleza. Anayetaka wepesi atafute skrini ndogo, kwa sababu skrini ndogo inapunguza kioo, inapunguza fremu, na inapunguza pia umeme unaoliwa.

Kwenye meza ya fundi wembamba una hatari yake. Betri ikivimba nusu milimita ndani ya simu nene, nafasi inaweza kuimeza. Ndani ya nyembamba, kioo kinainuka mara moja. Galaxy Note 7 ya mwaka 2016 ilitufundisha jambo hili kwa moto. Maelezo ya Samsung yenyewe ya Januari 2017 yalisema kwamba kwenye betri za kwanza mfuko haukuacha nafasi ya kutosha na kona ya juu ya tabaka za ndani ilipinda. Betri za pili zilikuwa na mabaki makali ya uchomeleaji. Kwa hiyo ukiona kioo kimeachana na fremu, au protekta inabanduka upande mmoja bila sababu, au simu inayumba ikilazwa mezani kifudifudi, acha kuichaji, izime, usiibonyeze, na iweke juu ya vigae au sinia la bati mbali na godoro. Fundi naye ahakikishe chaji iko chini ya asilimia 25 kabla ya kufungua simu yenye betri isiyovimba, apashe kingo joto la nyuzi 70 hadi 80, atumie kadi ya plastiki, na alainishe gundi kwa matone ya pombe ya isopropili. Anayeingiza bisibisi chini ya betri nyembamba anachezea moto.

Betri ya kubadilisha nayo ina njia ya kuikagua ambayo haihitaji mtambo. Kwa kipimo kile cha gramu 15 kwa kila mAh 1,000, betri ya mAh 5,000 inapaswa kukaribia gramu 65 hadi 75. Iweke kwenye mizani ndogo ya jikoni. Iliyoandikwa 5,000 na ina gramu 45 inadanganya, hata lebo yake ikiwa nzuri namna gani. Na betri ya grafiti isiwekwe mahali pa silikoni-kaboni, kwa kuwa volti zake hushuka kwa mwendo tofauti: simu itaonyesha asilimia 15, kisha izime ghafla.

Kwa anayekwenda dukani wiki hii, aulize wati-saa kwanza, kisha gramu, kisha kasi ya kuchaji, na unene mwisho. Akiikuta mAh imeandikwa mara mbili, achukue ile ndogo: moja ni ya wastani, nyingine ndiyo kiwango cha chini kilichodhaminiwa. Anayenunua iliyotumika, kama ni iPhone 15 au ya baadaye, afungue mipangilio, sehemu ya betri, asome idadi ya mizunguko; ikiwa imepita 600, apunguze bei kwa gharama ya betri mpya. Na aliyekwisha kununua nyembamba asikate tamaa. Apunguze mwanga wa skrini, azime laini anayoitumia kwa nadra, aweke 4G peke yake pale 5G inapokuja na kupotea, na asiichaji juani.

Ombi langu kwenu, Mhariri, halihitaji maabara. Tangu tarehe hiyo ya 20 Juni 2025, kila simu mpya inayoingia soko la Ulaya lazima iwe na lebo inayoonyesha inadumu saa na dakika ngapi kwa chaji moja, betri inastahimili mizunguko mingapi, simu inahimili kuangushwa kwa daraja gani, na kutengenezeka kwake ni kwa daraja gani kati ya A na E. Taarifa hizo ziko wazi kwa umma kwenye hifadhidata ya EPREL ya Umoja wa Ulaya, na mwandishi wenu anazipata kwa kuandika namba ya modeli ya simu. Nyingi ya simu za Samsung, Apple na Xiaomi mnazoziandika zimo. Zisizouzwa Ulaya, andikeni mAh, volti na gramu kama zilivyo kwenye kasha, kwenye mstari mmoja na milimita, kwa herufi za ukubwa uleule.

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam